Inchi 6 za mlima: kisa cha Datsun 1200 iliyovuta upepo

Pikapu iliingia gereji yetu ya Bondeni, Nakuru, Jumanne saa saba mchana, imebeba makreti matupu na harufu ya omena. Ni Datsun 1200, ile ndogo ya miaka ya 80, namba yake ya usajili ni ya enzi za kabla ya zile zinazoanza na KAA. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara: anapakia viazi Molo, anateremka navyo hadi Kibuye, Kisumu, kisha anapanda na omena. Anayeshika usukani ni mpwa wake. Kabla sijagusa hata boneti, mama akaniambia, "Fundi, sikuja kutengenezewa. Nimekuja kuuliza kama hii ni ya kuzikwa."

Alikuwa ametoka kwa fundi mwingine papa hapa mjini, aliyemwambia ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha na injini yote ifunguliwe. Shilingi 45,000, na hapo bado hajahesabu yatakayoonekana ikishafunguliwa. Ushahidi aliupewa kwenye kipande cha karatasi: "Vakiumu 10. Kitabu 18." Mama hakujua vakiumu ni kitu gani, lakini alijua 10 ni kidogo kuliko 18, na hapo ndipo moyo ulipomshuka.

Nikamwomba mpwa anieleze gari linavyofanya, si lilivyoambiwa. Kijana ni msikivu, alieleza vizuri. Asubuhi Molo injini inawaka lakini lazima ashikilie choki, kile cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, mpaka karibu na Mau Summit. Akiirudisha mapema, inazima. Barabarani, mguu ukiwa kwenye mafuta, inavuta kama kawaida, hata mlima wa Londiani inapanda na mzigo. Shida ni akiachilia mafuta: kwenye kizuizi cha polisi au kwenye raundabauti ya Kondele, inatetemeka mpaka vioo vinalia, kisha inazima. Akaongeza jambo ambalo fundi aliyetangulia hakuliuliza: "Lakini fundi, Kisumu inasumbua zaidi kuliko huku juu."

Fundi wa Kisumu alikuwa amebadilisha plagi, pointi na kondensa, vipuri vya cheche, akafungua kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, na kuiosha. Haikubadilika, kwa hiyo akakaza skrubu ya sailensa, yaani ya mwendo wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta, hadi ikawa inakimbia mizunguko 1,100 kwa dakika gari likiwa limesimama, mradi isizime. Dawa hiyo tunaijua sote. Mgonjwa hajapona, ila hasikiki akilia.

Nianze na ile karatasi, maana ndiyo ilikuwa inataka kumla mama 45,000.

Geji ya vakiumu hupima jinsi injini inavyovuta: pistoni zinashuka, kabureta imezibwa karibu yote, na ndani ya manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, hewa inabaki chache kuliko nje. Tofauti ya ndani na nje ndiyo sindano inayoonyesha, kwa inchi za zebaki. Vitabu vinasema injini yenye afya ikae kati ya 17 na 21, lakini vitabu hivyo vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, tofauti inapungua hata kama injini ni mpya kutoka kiwandani. Hesabu ya haraka ni kutoa inchi 1 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Nakuru tuko kama mita 1,850, yaani futi 6,000 na kidogo. Toa 6. Injini ambayo Mombasa ingesoma 19 au 20, hapa Bondeni inasoma 13 au 14, na hakuna aliyeiumiza.

Hesabu peke yake sikuiamini. Kulikuwa na pikapu nyingine ya kabureta gerejini, tumeitengeneza wiki hiyo na inatulia kama maji mtungini. Nikaifunga geji ileile, mpira uleule: 14, sindano haichezi. Nikaihamishia kwenye Datsun, nikalegeza skrubu ya sailensa mpaka mizunguko ikashuka karibu 800, mahali ambapo injini ilikuwa inashikilia uhai kwa kucha. Sindano ikasimama kati ya 10 na 11, inatikisika kidogo kwa mpigo. Fundi mwenzangu basi hakudanganya, namba yake ilikuwa kweli. Kosa ni kwamba kati ya zile inchi 8 alizoziona zimepotea, 6 ni za mlima. Ukililinganisha na ile pikapu nyingine iliyosoma 14, gari lilikuwa na ugonjwa wa inchi 3 hivi.

Na inchi 3 si lazima ziwe ringi. Nikakanyaga mafuta ghafla na kuachilia. Sindano ikaanguka hadi 0, kisha ikaruka hadi 17 kabla ya kurudi. Ringi zilizochoka haziwezi mruko huo. Sindano yao huinuka kivivu. Moshi wa buluu hakuna. Mama aliapa haongezi oili kati ya sevisi na sevisi. Tukatoa plagi zote, bataflai, kile kilango cha hewa cha kabureta, ikiwa wazi, tukapima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda: 142, 140, 146, 138. Hizi nazo mlima huzipunguza, kwa hiyo sikuzilinganisha na kitabu; nilizilinganisha zenyewe kwa zenyewe, na zinafanana kama ndugu. Nikamwambia mama, "Haizikwi." Alicheka, kisha akauliza bei. Nikamwambia ugonjwa kwanza.

Plagi ndizo zilizonipa mwelekeo. Zilikuwa mpya, zimetembea wiki chache tu. Ya 1, ya 2 na ya 3 zina rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Ya 4, iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, ni nyeupe kama mfupa uliokaushwa juani. Weupe ule ni silinda inayopata hewa nyingi kuliko petroli. Nikarudisha plagi, nikawasha, nikaanza kung'oa waya moja moja kwa koleo lenye mpira. Ukitoa ya 1, injini inayumba. Ya 2 vilevile, ya 3 vilevile. Ukitoa ya 4, injini haina habari. Halafu nikapandisha mizunguko hadi 2,000 na kurudia: sasa hata ya 4 ukiitoa, injini inalalamika.

Hapo ndipo penye kisa chote. Silinda isiyofanya kazi kwenye sailensa lakini inafanya kazi ukikanyaga mafuta, huku cheche ipo na kompresheni ipo, karibu kila mara inavuta upepo. Kwenye sailensa bataflai imefungwa karibu yote, injini inapumua kwa upenyo mwembamba. Tundu la upande, hata likiwa dogo kama unene wa ukucha, linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote, na hewa hiyo haikupita kwenye kabureta kuchukua petroli. Ukikanyaga, mlango mkubwa unafunguka, mvuto ndani ya manifoldi unashuka, na lile tundu halina maana tena. Ndiyo sababu Londiani ilipandwa vizuri na Kondele ikazima.

Na Kisumu kuzidi Nakuru? Mji ule uko kama mita 1,130, zaidi ya mita 700 chini yetu. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Huku juu hewa ni nyepesi lakini petroli inatoka karibu ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kidogo. Uzito huo ulikuwa unafunika sehemu ya upepo unaoingia. Ukiteremka ziwani, kifuniko kinaondoka na gari linabaki na njaa yake. Kijana alikuwa ametupa jibu kabla hatujauliza swali, ila hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Sasa tundu liko wapi? Kwenye gari hili pa kushuku si pengi. Halina servo ya breki. Mpira wa kurudisha mvuke wa oili nikaubana kwa koleo: hakuna mabadiliko. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta, ile inayogawa cheche, nikaunyonya kwa mdomo na kuziba kwa ulimi; ulishika. Kikabaki kitako cha kabureta, ekseli ya bataflai, na gasketi ya manifoldi, ule utando unaoziba kiungo chake na injini.

Hapa nilikosea, na lazima niseme. Injini ilikuwa ya moto, jua la saa tisa, mama anaangalia saa. Nikachukua sprei ya kusafishia kabureta na kupuliza kidogo kidogo juu ya kiungo cha manifoldi, kuanzia ya 1 hadi ya 4. Sprei ile inawaka, kwa hiyo ikivutwa ndani mizunguko hupanda na unajua umefika. Haikupanda. Nikapuliza kitako cha kabureta, nikadhani nimesikia kitu. Nikadhani tu. Nikafungua kabureta, nikabadilisha gasketi ya kitako, nikafunga. Saa mbili zimekwenda, na injini inatetemeka vilevile. Ningejiuliza swali moja tu ningeokoa jioni ile: kitako cha kabureta kinalisha silinda zote nne, kwa nini iumwe ya 4 peke yake?

Sababu ya sprei kunyamaza ilikuwa umbo la injini yenyewe. Kwenye Datsun 1200 manifoldi ya kuvuta na ya moshi ziko upande mmoja. Ya kuvuta ni ya alumini, imekaa juu. Ya moshi ni ya chuma, iko chini yake, na zote mbili zinashirikiana gasketi moja na baadhi ya nati. Nilikuwa napuliza juu, na tundu lingeweza kuwa chini, kwenye uvungu unaotazama manifoldi ya moshi. Huko huwezi kupuliza sprei injini ikiwa ya moto. Nina kovu kwenye mkono wa kulia la kunikumbusha kwamba sprei ya kabureta na chuma chekundu si majirani. Maji nayo kwenye chuma kilichochemka yanaweza kukipasua. Mama ilimbidi alale Nakuru kwa dada yake, na hakufurahi.

Jumatano saa moja asubuhi, injini baridi kama jiwe la mtoni. Nikachukua chupa ya maji ya kunyunyizia, ile ya saluni, nikaichomeka mrija mwembamba mbele ili nifikie uvunguni. Kijana akawasha, choki imevutwa nusu, injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Maji hayawaki, kwa hiyo hapa si suala la kusubiri mizunguko ipande. Unasubiri tundu lizibwe na tone kwa sekunde moja. Chini ya 1, hakuna. Chini ya 2 na 3, hakuna. Chini ya 4 nikabonyeza mara moja tu. Ikasikika sauti ya mtu anayefyonza uji wa moto, fyuuu, na injini ikatulia. Sekunde moja, pengine moja na nusu. Halafu homa ikarudi. Nikabonyeza tena: fyuuu, ikatulia. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Basi ni hapo," akasema, na alikuwa sahihi.

Tukazima na kufungua. Nati ya nyuma ilitoka kwa vidole, bila spana. Manifoldi ilipobanduka, tukakuta gasketi imepakwa gamu nyekundu ya silikoni kote, imelowa petroli na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Mkia wa ile gamu, urefu wa kiungo cha kidole, ulikuwa umenyonywa ndani ya tundu la silinda ya 4 na kuning'inia. Uvunguni gasketi imeungua na kuwa nyeusi. Hewa ilikuwa inapita hapo.

Fundi mwenye haraka angeishia hapa: gasketi imekufa, weka mpya, lete pesa. Lakini gasketi haikufa kwa uzee. Zile silinda tatu gasketi ni ileile, umri uleule, na ziko sawa. Kwa nini afe huyu mmoja?

Nikaweka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi ya alumini na kujaribu kupitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo. Ilinyooka vya kutosha. Nikaunganisha manifoldi zote mbili kama zinavyokaa garini, nikaweka rula tena, na hapo mwanga ukapenya. Pembeni mwa ya 4, uso wa ya kuvuta ulikuwa umerudi nyuma ya uso wa ya moshi kwa milimita 0.35. Nikamuuliza kijana kama manifoldi ya moshi iliwahi kuguswa. Akakumbuka: mwaka jana ilipasuka, wakapata nyingine kwa wauza vyuma vikuukuu. Ilitoka kwenye gari la aina hiyohiyo, lakini mtu alikuwa ameichomelea masikio ya nyuma, yale yanayobanwa na nati, na kuyaacha manene.

Unene huo ndio uliobeba kisa kizima. Nati zilizo kati ya manifoldi hizi mbili zina washa pana na nene inayokanyaga sikio la ya kuvuta upande mmoja na sikio la ya moshi upande wa pili. Masikio yakiwa na unene sawa, washa inalala bapa na kubana yote mawili. Sikio la moshi likiwa nene, washa inaegemea hilo na kuliacha la kuvuta bila uzito. Unakaza, spana inakataa kuzunguka, unaridhika, kumbe umekaza upande mmoja. Niliishika ile washa juani: nusu moja imesuguliwa inang'aa, nusu nyingine bado ina kutu ya mwaka jana. Haikuwa imegusa kitu. Aliyefunga aliona pengo, na badala ya kuliuliza akalijaza gamu.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Manifoldi ya moshi ikaenda karakana ya mashine, masikio yakapunguzwa hadi unene wa wenzake. Tulipozirudisha tulifunga kwa mpangilio ambao wengi wanaupuuza: boliti zinazounganisha manifoldi mbili zilibaki legelege, kwanza tukazibana zote kwenye silinda hedi ili kila moja itafute uso wake, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, ndipo tukakaza zile za kuunganisha. Ukianza kwa kuzikaza zenyewe kwa zenyewe mezani, unapeleka kitu kilichopinda kwenye uso ulionyooka. Gasketi tuliweka ya dukani, shilingi 650, yenye uso wa kuvumilia moto upande wa moshi. Za kukatwa kwa karatasi siziweki hapa. Upande wa kuvuta zingekaa, wa moshi zingeungua kabla ya Salgaa. Gamu hatukutia hata tone.

Tukawasha, tukaacha ipate moto, tukazima, ikapoa, tukakaza tena. Nati mbili zilikubali robo mzunguko zaidi. Skrubu ya sailensa niliirudisha nyuma karibu mizunguko miwili na nusu kabla injini haijafika 750, halafu skrubu ya mchanganyiko nikaitafutia mahali pake, maana wote waliotangulia walikuwa wameipindua kutafuta petroli ya kufunika upepo. Sindano: 14. Haichezi. Ng'oa waya wa 4, injini inayumba kama ndugu zake watatu.

Mama alilipa 3,800 pamoja na karakana ya mashine, nikaondoa kwenye bei ile gasketi ya kitako cha kabureta kwa sababu ilikuwa kosa langu. Akaniomba nimwandikie namba ili asitishwe tena na karatasi ya mtu. Nikachukua rangi nyeupe na kuandika chini ya boneti: NAKURU 14.

Jumamosi simu ikalia, ni mpwa, kelele za Kibuye nyuma yake. Alikuwa ameazima geji kwa fundi wa huko ili ahakikishe.

"Fundi, huku inasoma 16. Tumeharibu nini?"

Nikamwambia achukue rangi aandike chini ya ile yangu: KISUMU 16.